Makao Makuu Yana Deni kwa Milima

Mtumishi wa Serikali anayepanda treni ya umeme Dar es Salaam akielekea Dodoma huiona milima kwa muda mfupi sana. Akishapita Kilosa huingia katika mahandaki. Dirisha huwa jeusi, kisha mwanga hurudi, na kabla hajamaliza kukunja gazeti lake tayari yumo katika nyika ya Gulwe, penye mibuyu na udongo mwekundu. Akifika mjini hujiunga na wenzake katika malalamiko ya kila siku: jua, vumbi, na bomba ambalo leo limetoa maji na kesho halitoi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba asili ya malalamiko hayo, na sehemu kubwa ya dawa yake, wameiacha nyuma yao katika ile milima waliyoipita gizani.

Tangu TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, mengi yameandikwa juu ya ramani ya mji, majengo na barabara. Utekelezaji ulikwenda polepole kwa zaidi ya miaka arobaini, hadi mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kuhamia kwa dhati, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji, na hadhi yake ya makao makuu ikawekwa katika sheria. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179. Kwa miaka kumi tu mji umekaribia kuongezeka maradufu. Jambo ambalo halijasemwa vya kutosha ni kwamba mji huu mkubwa unaishi kwa hisani ya milima na vilima ambavyo vingi vimo nje ya mipaka yake, na ambavyo wakazi wake ni wakulima na wafugaji wasiohudhuria mikutano ya mipango miji. Makao makuu yana deni kwa milima hiyo, nalo ni deni lisilofutika kwa hotuba.

UKUTA KATI YA BAHARI NA NYIKA

Milima inayozungumzwa hapa ni sehemu ya safu ndefu iitwayo Milima ya Tao la Mashariki. Huanzia Taita nchini Kenya, ikaja Upare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Uluguru na Rubeho, kisha ikashuka hadi Udzungwa na Mahenge. Haikutokana na moto wa volkeno kama Kilimanjaro. Ni miamba mikongwe iliyoinuliwa na nguvu za ardhi mamilioni ya miaka iliyopita, ikabaki imesimama wakati nchi iliyoizunguka ikilika na kushuka. Misitu yake ni ya kale pia, na ndani yake wamo wanyama na mimea isiyopatikana mahali pengine popote duniani. Kwale wa Rubeho, kwa mfano, alitambuliwa na wanasayansi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wenyeji walikuwa wakiishi jirani naye siku zote.

Kwa Dodoma, vipande viwili vya safu hiyo ndivyo vyenye uzito wa kwanza: Ukaguru upande wa kaskazini na Rubeho upande wa kusini. Vilele vya milima hiyo hupita meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, wakati mji wa Dodoma umekaa kwenye uwanda wa meta 1,100 hivi. Kati ya Ukaguru na Rubeho limepita bonde la Mto Mkondoa, mlango mwembamba uliotumiwa na kila aliyetaka kwenda bara. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo ilipanda humo ama juu ya milima yenyewe. Richard Burton, Mwingereza aliyeuvuka mlima wa Rubeho mwaka 1857, alieleza kwamba jina hilo lahusu upepo. Wapagazi walipumzika Mpwapwa, chini ya milima ya Kiboriani, wakajaza vibuyu vyao maji, kwa maana mbele yao ilikuwapo Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kutumainiwa hata wafike Ugogo. Wajerumani nao walipojenga reli ya kati walifuata mlango huo huo, na mwaka 1910 reli ikafika Dodoma.

Marenga Mkali haikuwa ajali. Pepo za Bahari ya Hindi zinapofika Uluguru, Ukaguru na Rubeho hulazimika kupanda. Zikipanda hupoa, na unyevu wake hugeuka mvua juu ya miteremko inayotazama bahari. Ndiyo sababu miteremko ya mashariki ya Uluguru hupata mvua inayozidi milimeta 2,000 kwa mwaka. Upepo ukishavuka ukuta huo hushuka upande wa pili ukiwa mkavu. Dodoma hubakiwa na mvua ya milimeta kati ya 500 na 600, tena karibu yote kati ya Desemba na Aprili, nayo huja kwa vishindo: siku chache za gharika, kisha majuma ya jua kali. Na jua hilo lina uwezo wa kukausha zaidi ya milimeta 2,000 za maji kwa mwaka kutoka katika bwawa lililo wazi. Kwa maneno mengine, mbingu ya Dodoma hudai mara tatu au zaidi ya inachotoa.

Mwalimu wa jiografia hufundisha jambo hili kwa jina la kivuli cha mvua, na wanafunzi hulikariri kwa ajili ya mtihani. Hatari ya kulikariri tu ni kwamba ukame huonekana kuwa hukumu iliyokwisha kutolewa, isiyo na rufaa. Ukweli ni kwamba milima haikuinyima Dodoma kila kitu. Maji machache yanayofika hupokelewa, hutunzwa na kugawanywa na vilima.

MAJI YA DODOMA HUTOKA WAPI

Masimulizi ya wenyeji yasema jina la Dodoma lilitokana na neno la Kigogo idodomya, yaani imezama, kwa sababu ya tembo aliyekwenda kunywa maji akazama katika tope. Iwapo masimulizi hayo ni sahihi, basi historia ya mji huu ilianza penye maji, na haijaachana nayo hadi leo.

Mkoa wa Dodoma umekaa juu ya mgawanyo wa mabonde matatu ya maji. Maji ya Kinyasungwe huelekea mashariki, hupita Gulwe na Kidete, huwa Mkondoa, huwa Wami, na mwisho huingia Bahari ya Hindi. Maji ya Mto Bubu, unaopokea mvua ya nyanda za juu za Kondoa, huteremka hadi kwenye tingatinga la Bahi, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, yakaishia hapo bila kuiona bahari. Maji ya upande wa kusini huingia Ruaha Mkuu na bwawa la Mtera, ambako huzalisha umeme. Mito mingi ya mkoa ni ya msimu. Mwezi Agosti huwa njia za mchanga ambamo watoto huchimba visima vifupi kwa mikono.

Maji ya bombani kwa sehemu kubwa hutoka ardhini, katika visima virefu vya Makutupora, kaskazini mwa mji. Vipimo vya visima hivyo vimewekwa tangu miaka ya 1950, jambo ambalo ni adimu barani Afrika na lastahili sifa kwa mafundi walioandika tarakimu hizo mwaka hata mwaka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 kutokana na kumbukumbu hizo za miaka 55 ulionyesha kwamba akiba ya Makutupora haijazwi kila mwaka. Hujazwa katika misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ile ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998; katikati ya misimu hiyo hupita miaka mingi ambayo maji hutolewa tu.

Hapa ndipo vilima vinapoingia. Gharika hiyo ya nadra huteremka kutoka vilima vinavyolizunguka bonde, pamoja na vile vya Chenene, ikapita katika vijito vya msimu na kunywewa na mchanga. Ikiwa mteremko una nyasi na vichaka, maji hukawia, na yakikawia huingia ardhini. Ikiwa mteremko ni uchi, maji hukimbia yakibeba udongo, na nafasi ambayo pengine haitarudi kwa miaka kumi huwa imepotea kwa usiku mmoja.

UDONGO UNAOSAFIRI

Jambo hili halihitaji kuaminiwa kwa imani, kwa kuwa lilipimwa hapa hapa. Katika miaka ya 1930, kwenye kituo cha utafiti cha Mpwapwa, vilitengwa viwanja vidogo kwenye mteremko na kila tone lililotiririka likakusanywa. Katika ardhi iliyoachwa uchi, karibu nusu ya maji ya mvua ilitiririka na kupotea, ikibeba udongo kwa tani nyingi. Katika kiwanja chenye majani, na hasa katika kichaka ambacho hakikuchungwa, maji yaliyotiririka yalikuwa kidogo mno na udongo haukuondoka. Mvua ilikuwa moja, mlima ulikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni vazi la ardhi.

Udongo unaoondoka mlimani hauendi peponi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden waliyapima mabwawa ya jirani na Dodoma: Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Waliyakuta yakijaa udongo kwa kasi. Bwawa la Ikowa, lililojengwa katika miaka ya 1950 kwa matumaini makubwa ya kilimo cha umwagiliaji, lilikuwa limekwisha kumezwa sehemu kubwa ya nafasi yake. Fedha za umma zilichimba shimo la maji, na vilima vikalifukia.

Reli nayo ina ushahidi wake. Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliteremka katika bonde la Kinyasungwe na Mkondoa, yakavunja tuta la reli kati ya Gulwe na Kilosa, yakaharibu nyumba na mashamba, na maelfu ya wananchi wa Kilosa wakalala katika mahema. Treni ya kati ilisimama kwa miezi. Kila baada ya masika mazito sehemu hiyo hiyo hudai mawe na zege. Ni haki kuwapongeza wahandisi waliotoboa milima na kuijenga reli mpya, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024. Lakini mhandisi hujenga daraja kwa hesabu ya maji ya leo. Mteremko ukizidi kuvuliwa nguo, maji ya kesho yatakuja na hesabu yake.

FUNZO LA KONDOA

Wapo watakaosema kwamba kama milima inaharibiwa, basi waondolewe watu na mifugo yao, na mambo yaishe. Rai hiyo si mpya, na mkoa wa Dodoma una uzoefu wake.

Mwaka 1973, mwaka ule ule wa uamuzi wa makao makuu, Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, kwa msaada wa Sweden. Kazi yake kubwa ilikuwa Kondoa, katika vilima vya Irangi, ambako makorongo yalikuwa na kina cha kumficha mtu na nyumba yake. Kwa miaka ya kwanza yalichimbwa makingamaji na kupandwa miti, lakini ng'ombe na mbuzi waliendelea kupita juu ya kazi hiyo. Mwaka 1979 ikatolewa amri: mifugo yote, ipatayo 90,000 hivi, iondoke katika eneo la kilometa za mraba 1,256.

Matokeo yalionekana kwa macho. Katika miaka michache nyasi zilirudi, miti ikachipua yenyewe, makorongo mengi yakaanza kupona, na wageni wakaja kutoka mbali kutazama. Yeyote anayesema ardhi ikiharibika haiponi na aende Kondoa. Lakini mizani ina pande mbili. Mama aliyekuwa akikamua maziwa nyumbani alianza kuyatafuta kwa fedha. Shamba lililopata samadi likakosa. Na mifugo iliyoondolewa haikupotea duniani, bali ilipelekwa kwa ndugu na marafiki katika nchi ya chini, ikaongeza uzito kwenye malisho ya huko. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilionekana busara kuruhusu ng'ombe wa maziwa wafugwe ndani ya zizi na kukatiwa majani, na ndipo wananchi walipoanza kuiona hifadhi kama jambo lenye faida jikoni mwao. Utafiti wa baadaye, tena, ulionyesha kwamba mmomonyoko wa Kondoa una historia ya maelfu ya miaka. Kwa hiyo kumtwika mfugaji wa leo lawama yote ni kosa la hesabu, achilia mbali kuwa ni kosa la uungwana.

Mfano wa pili watoka Uluguru. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko yao bila kuwashawishi wala kuwasikiliza, na mwaka 1955 wananchi wakapinga hadharani, damu ikamwagika, na mpango ukafa. Tangu hapo kwa miaka mingi neno matuta lilikuwa na harufu ya ukoloni. Mlima unaohifadhiwa kwa bakora hubaki salama siku bakora ipo tu.

NAMNA YA KULIPA DENI

Hapana shaka kwamba jiji litahitaji maji zaidi ya yale ya Makutupora. Upo mpango wa bwawa la Farkwa katika wilaya ya Chemba, juu ya Mto Bubu, na yapo mawazo ya kuleta maji kutoka Ziwa Victoria. Mipango hiyo ni mizuri na yafaa itekelezwe. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba Bubu hupokea maji ya nyanda zile zile za Kondoa ambazo HADO ilizishughulikia. Farkwa bila miteremko ya Kondoa kutunzwa itakuwa Ikowa kubwa zaidi, yenye gharama kubwa zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa bwawa hujengwa kwa mabilioni.

Deni hili lilipwe kwa mambo manne yaliyo wazi.

Kwanza, miteremko ihesabiwe kuwa sehemu ya miundombinu ya makao makuu, kama ilivyo barabara na nyaya za umeme, na itengewe fedha kila mwaka. Kijiji kilichoko juu ya chanzo kinapozuia moto, kinapoacha kulima kando ya kijito na kinapotenga malisho, kinafanya kazi kwa niaba ya mtu wa mjini. Kazi hiyo ina ujira wake. Ni haki sehemu ya malipo ya maji ya jiji irudi katika vijiji hivyo kwa njia ya zahanati, madarasa, majosho na mbegu za majani ya mifugo.

Pili, milima haijui mipaka ya mikoa. Rubeho na Ukaguru zimegawanyika kati ya Dodoma na Morogoro, na Rubeho hufika hadi mpakani mwa Iringa. Mpwapwa hulima juu, Kilosa hufurika chini. Wakuu wa wilaya hizo, maofisa wa mabonde, wa misitu, wa mifugo na wa reli wakutane mezani kabla ya masika badala ya kukutana matopeni baada yake.

Tatu, mtumishi aliyehamia Dodoma ajitazame jikoni mwake. Gunia la mkaa liuzwalo mjini ni kipande cha mteremko wa mtu. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa kufikia Januari 2024. Agizo hilo ni la maana, lakini mfano mwema huanzia katika nyumba ya mwenye mshahara, ambaye gesi anaimudu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa Dodoma amekuja na mshahara. Itakuwa aibu iwapo mwenyeji wa Chenene na Kiboriani atamkumbuka kwa visiki.

Nne, na hili lawahusu walimu moja kwa moja, milima ifundishwe mahali ilipo. Mtoto wa Dodoma anajua kwamba Kilimanjaro ina meta 5,895, lakini huenda hajui maji yaliyopita kando ya shule yake yamekwenda Bahi, Mtera au Wami. Mwalimu hahitaji maabara kumfundisha. Kopo la kupimia mvua, kijiti kilichochomekwa ukingoni mwa korongo, na daftari la kuandika tarehe vyatosha. Shule ikipima korongo moja kwa miaka mitano, kijiji kizima kitajua kama linapona au linakua, na mkutano wa kijiji utakuwa na tarakimu zake wenyewe mbele ya ofisa yeyote. Mwaka 1980 wananchi walijifunza redioni kwamba misitu ni mali. Kizazi cha leo chafaa kijifunze zaidi ya hapo: kijue ni mali ya nani, inamnufaisha nani, na nani anailinda kwa gharama zake.

Kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani, iliyozinduliwa Desemba 2017, ilipanda miti mingi katika barabara na viwanja vya ofisi. Ni kazi njema, na kivuli chake ni neema kwa mpita njia. Hata hivyo, mti wa barabarani hunyweshwa kwa maji yaliyotoka kilimani. Jiji likipanda miti chini na kuacha miteremko ivuliwe juu, litakuwa limemwagilia bustani kwa kuchota akiba ya wajukuu.

Milima ya Rubeho na Ukaguru ilikuwapo kabla ya misafara, kabla ya reli ya Wajerumani, kabla ya uamuzi wa mwaka 1973, na itakuwapo. Kisicho na hakika ni udongo na majani vilivyo juu yake, na maisha ya wanaoutegemea uwanda ulio chini. Wapagazi wa zamani hawakuondoka Mpwapwa kabla ya kujaza vibuyu, kwa kuwa walijua nyika iliyokuwa mbele yao. Makao makuu yamejengwa ng'ambo ya nyika hiyo hiyo, na kibuyu chake ni vilima.